Wanawake wa Kakese na utafiti wa kibofu usiowafikia

Mtu akifika zahanati akasema mkojo unamuunguza na chini ya kitovu kunavuta, mara nyingi hurudi nyumbani na jina moja: UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Hupewa vidonge vya siku tano au saba. Vikiisha na maumivu yakabaki, hupewa vya aina nyingine. Ikiendelea hivyo, haendi tena zahanati. Anapita duka la dawa, anasema UTI yake imerudi, anauziwa dozi, au nusu dozi kama hela haitoshi.

Watafiti wa mradi wa HATUA, waliofanya kazi Kenya, Uganda na Tanzania, kwetu wakiwa Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya, walipima mkojo wa wagonjwa zaidi ya 7,500 wenye dalili za namna hiyo. Maabara ilithibitisha maambukizi ya bakteria kwa karibu theluthi moja tu. Kati ya bakteria waliopatikana, karibu nusu walikuwa sugu kwa dawa za aina nyingi, na habari hiyo ndiyo iliyosambaa zaidi, kwa haki kabisa. Lakini wale theluthi mbili nao waliumwa. Hakuna anayepanga foleni hospitali kwa mchezo. Baadhi yao huenda walishameza antibiotiki kabla ya kupimwa, na dawa huficha ushahidi. Wengine huenda walikuwa na kisonono au klamidia, ambavyo havioti kwenye kipimo cha kawaida cha kuotesha mkojo. Bado linabaki kundi kubwa la watu wenye kibofu kinachouma, kinachovuja au kinachowaamsha usiku, ambao jina la UTI limewafunika bila kuwatibu.

Hoja yangu ni kwamba utafiti wetu wa kibofu na nyonga umejengwa juu ya mgonjwa aliyefika. Umemhesabu aliyelazwa hospitali ya Bugando, aliyesafirishwa hadi hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, aliyejaza kichupa cha mkojo kliniki. Aliyebaki nyumbani, ambaye ndiye wa kawaida, tunamjua kwa kukisia. Na tafiti chache zilizomfuata nyumbani zimerudi na majibu ambayo hospitali isingeyaona kamwe.

Tumchukue mwanamke wa Kakese. Kakese ni kata ya wakulima katika Manispaa ya Mpanda, nchi ya mbuga na mpunga. Mkoa wa Katavi wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2022 ilikuta watu 1,152,958. Mkoa uliongezeka maradufu ndani ya muongo mmoja, wahamiaji wakifuata ardhi na malisho, na si rahisi wakunga kuongezeka kwa kasi hiyo. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulionyesha pia kwamba Katavi iliongoza nchi nzima kwa mimba za mapema: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Mashamba ya maji, uzazi wa mapema na wa mara nyingi, mizigo ya kichwani, huduma iliyo mbali: ukiyaweka haya pamoja umeorodhesha karibu kila kitu kinachojulikana kuharibu kibofu cha mwanamke.

Nianze na maji, kwa sababu hapo ndipo kosa la kitabibu linapoonekana waziwazi zaidi.

Kichocho cha mkojo kinajulikana tangu 1851, Theodor Bilharz alipomkuta mnyoo wake ndani ya maiti mjini Cairo. Mwenye minyoo akikojoa majini, mayai huanguliwa, viluwiluwi huingia ndani ya konokono wa jamii ya Bulinus, na wiki kadhaa baadaye hutoka viluwiluwi vingine vinavyopenya ngozi ya yeyote aliyesimama majini. Konokono hawa hawahitaji ziwa. Wengine huishi kwenye madimbwi ya msimu, hujifukia tope likikauka na kuamka mvua zikirudi. Jaruba la mpunga huwafaa sana. Anayepanda, anayepalilia na anayechota maji hapo hukaa humo miguu mitupu, kwa saa nyingi.

Minyoo hutua kwenye mishipa inayozunguka kibofu. Haiumizi sana yenyewe. Kinachoumiza ni mayai. Yale yanayoshindwa kutoka na mkojo hunasa kwenye ukuta wa kibofu, mwili huyazungushia kovu, na ukuta uliokuwa laini hukakamaa. Kibofu kilichokakamaa hakitanuki vizuri, hujaa upesi na kumwita mtu chooni kila mara. Miaka ikipita, kovu hilo linaweza kuzaa saratani. Mnyoo huu uliwekwa rasmi kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1994.

Sasa angalia kinachotokea maabara. Utando wa kibofu uliochokozwa na mayai hutoa damu na chembe nyeupe. Kipande cha kupimia mkojo kikichovywa humo hubadilika rangi kwenye sehemu ya damu na sehemu ya chembe nyeupe, na mtaalamu mwenye foleni ndefu nje huandika UTI. Darubini ingeweza kumsahihisha, ila mayai ya kichocho yana saa zake: hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na zaidi katika matone ya mwisho ya mkojo. Mgonjwa wa kijijini huamka alfajiri ili awahi foleni. Anatoa mkojo saa mbili, tena ule wa katikati kama alivyoelekezwa, mayai hayaonekani, na cheti kinasema hana kichocho. Kumwomba mkulima wa mpunga asubiri hadi saa tano na atoe mkojo wa mwishoni hakugharimu shilingi. Sijui ushauri mwingine wa kitabibu wenye bei ndogo kuliko huo.

Hata hivyo mkojo wenyewe hautoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha watafiti, Poggensee na Feldmeier wakiwa miongoni mwao, kilikwenda kuwachunguza wanawake vijijini katika wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro, na kuwapima mlango wa kizazi pamoja na mkojo. Walikuta wanawake wenye mayai kwenye mlango wa kizazi na bila yai hata moja kwenye mkojo. Hiki ndicho kichocho cha via vya uzazi: maumivu ya nyonga yasiyoisha, damu baada ya tendo la ndoa, uchafu ukeni, wakati mwingine ugumba. Dalili hizi zote hufanana na magonjwa ya zinaa, na mwanamke hutibiwa ya zinaa, mara nyingine pamoja na tuhuma nyumbani ambazo hakuzistahili. Jennifer Downs na wenzake wa Bugando walipowapima wanawake 457 katika vijiji vinane vya Kanda ya Ziwa, matokeo yaliyochapishwa 2011, asilimia 5 walikuwa na kichocho cha mkojo, na miongoni mwa hao VVU vilikutwa kwa asilimia 17, dhidi ya asilimia 6 kwa wasio nacho. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kidonda cha kichocho ndicho mlango wa virusi, lakini unatosha kutufanya tuache kukiita ugonjwa wa watoto wanaoogelea.

Kwa miaka mingi ndivyo tulivyokitendea. Dawa ya prazikwanteli imegawiwa shuleni, darasa kwa darasa, na imeokoa watoto wengi. Msichana aliyeacha shule kwa mimba akiwa na miaka 16 anatoka kwenye mgao siku hiyohiyo anayoingia rasmi kwenye jaruba. Zanzibar ilifanya tofauti: kuanzia 2011 na 2012, katika mpango wa kukitokomeza, dawa ilipelekwa kwa jamii nzima, Unguja na Pemba, na maambukizi yakashuka hadi viwango vya chini sana katika shehia nyingi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka kila mtu kuanzia miaka 2 atibiwe palipo na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi. Watu wazima wa bara bado wanausubiri mwongozo huo ugeuke kidonge. Na kidonge chenyewe huua minyoo, hakifuti makovu yaliyokwishajengeka. Ndiyo maana kila mwaka wa kuchelewa una hasara yake.

Upande wa uzazi tuna jina moja linalojulikana, fistula, na sipendi kuonekana napunguza uzito wake. Kichwa cha mtoto kikikwama, hubana kibofu dhidi ya mfupa wa mbele wa nyonga kwa saa nyingi au siku. Nyama iliyobanwa hukosa damu na kufa. Haidondoki siku hiyo. Huchukua siku kadhaa, mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya kumi, ndipo tundu hufunguka na mkojo kuanza kutiririka bila kukoma. Mara nyingi mtoto amekwishazikwa na mama amekwishatoka kituoni. Kwa hiyo aliyemzalisha hajui alichokiacha, na mama anayaona mashuka yamelowa bila mtu wa kumuuliza.

Lilian Mselle wa Chuo Kikuu cha Muhimbili na wenzake wamewasikiliza wanawake hawa kwa makini kuliko mtu yeyote ninayemjua katika fani hii. Maelezo ya kujifungua waliyoyachapisha 2011 yamejaa kusubiri: kusubiri mume au mama mkwe aamue, kusubiri usafiri, na kisha, jambo linalouma zaidi, kusubiri kwenye kituo cha afya kwenyewe, juu ya kitanda, mhudumu akipita. Tumezoea kusema fistula ni matokeo ya kuzalia nyumbani. Wengi wa wanawake hawa walifanya walichoambiwa, walikwenda.

Nchi imejitahidi. CCBRT, iliyoanzishwa 1994, hutibu fistula bila malipo, na tangu 2009 imekuwa ikituma nauli kwa M-Pesa kwa wanawake wa mikoani, ikisaidiwa na mabalozi wanaowatambua vijijini. Wazo la nauli lilikuwa la busara kubwa, maana kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja, na mwanamke anayenuka mkojo huiogopa safari ya basi kuliko kisu cha daktari. Wanaojifungulia vituoni kitaifa wamepanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015–16 hadi 81 katika ule wa 2022. Haya ni mafanikio ya kweli.

Lakini sura ya jeraha nayo inabadilika. Daktari Marietta Mahendeka wa Mwanza, pamoja na Thomas Raassen na Carrie Ngongo, walipitia kumbukumbu za wanawake 5,959 waliotibiwa fistula katika nchi 11 kati ya 1994 na 2012. Wanawake 805, zaidi ya asilimia 13, walijeruhiwa na upasuaji wenyewe, na wengi kati ya hao ni wakati wa uzazi. Upasuaji wa kujifungua unaposogezwa kwenye vituo vya afya, kama inavyopasa, lazima usogee na mkono uliofundishwa vizuri. Vinginevyo tutaziba tundu la aina moja huku tukifungua la aina nyingine.

Kuna kifaa kimoja ambacho ningependa kila mkunga wa Katavi akitazame upya: mpira wa mkojo. Kees Waaldijk, aliyefanya kazi kaskazini mwa Nigeria kwa miongo mingi, alionyesha kwamba tundu dogo likiwahiwa wiki za mwanzo, mpira ukaachwa kibofuni ili kisijae, huweza kujifunga lenyewe bila upasuaji. Mantiki ni ileile ya kuzuia: mama aliyekaa na uchungu uliokwama awekewe mpira na usitolewe haraka, anywe maji mengi, aonekane tena. Halafu watafiti walipolinganisha wanawake 524 katika nchi nane za Afrika, matokeo yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2015, walikuta kwamba baada ya upasuaji wa fistula isiyo ngumu, siku 7 za mpira zilifaa sawa na siku 14. Siku saba za kitanda kwa kila mgonjwa ni nafasi ya mgonjwa mwingine. Huu ni utafiti wa aina ninayoiheshimu: swali dogo, kifaa cha bei nafuu, jibu linalotumika kesho yake.

Hata hivyo, fistula kwa umaarufu wake imewaziba wengine. Ina wafadhili, ina madaktari bingwa, ina siku yake ya dunia, tarehe 23 Mei. Mwanamke anayevuja akikohoa, akicheka au akijitwisha ndoo hana siku. Gileard Masenga wa hospitali ya KCMC na wenzake waliwafuata wanawake 1,048 wa vijijini Kilimanjaro, wa miaka 18 hadi 90, na kuwauliza moja kwa moja. Asilimia 42 walikuwa wanavuja mkojo kwa namna moja au nyingine. Rudia kuisoma namba hiyo. Zaidi ya wawili kati ya kila watano, katika mkoa wenye hospitali ya rufaa inayoheshimika, na hospitali haikuwa na habari zao. Waliokaa na uchungu zaidi ya saa 24 na waliojifungulia nyumbani waliathirika zaidi. Kundi hilohilo la watafiti lilipowapima wanawake wa wilaya za Hai, Rombo na Same, lilikuta asilimia 64.6 wameshuka viungo vya nyonga kwa kiwango cha kuonekana, na kubeba mizigo mizito kulihusika.

Hali ya Kakese naisomea hapo. Ikiwa Kilimanjaro, ambako wanawake huzaa wachache zaidi na barabara zipo karibu, hali ni hiyo, sioni sababu ya kutarajia nafuu kwenye mbuga za Mpanda. Sina namba, na sitaki kuitunga. Nina tabia ninayoweza kuielezea, kwa sababu imeandikwa na karibu kila aliyewahi kuwahoji wanawake wanaovuja: wanaacha kunywa maji. Mama anakwenda shambani alfajiri bila hata kikombe cha chai ili asilowe mbele za watu. Anafunga kitambaa ndani ya khanga, anabeba kingine cha kubadili. Mkojo unakuwa mzito na mkali, unamchubua mapajani, unamuunguza anapokojoa. Siku anapokwenda zahanati anaeleza kuungua, kwa maana hicho ndicho kinachosemeka. Anarudi na vidonge vya UTI.

Maumivu ya nyonga yasiyo na mdudu ndiyo yaliyoachwa nyuma kabisa. Guy Hunner wa Baltimore alieleza vidonda vya kibofu kisicho na maambukizi mwaka 1915, na zaidi ya karne moja baadaye madaktari bado wanabishana kama ugonjwa huo ni mmoja au ni mengi yaliyokusanywa chini ya jina moja. Kinachokubalika sasa ni kwamba maumivu ya muda mrefu hubadilisha mishipa ya fahamu yenyewe, hata chanzo kikiondoka kengele inaendelea kulia. Utambuzi wake hutegemea kuondoa kwanza sababu nyingine zote, na hapo ndipo sisi tunapokwama: nani atamwondolea mwanamke wa Kakese kichocho, klamidia, endometriosisi na makovu ya upasuaji, ili kilichobaki kipewe jina? Wengi huenda kwa mganga, wakaambiwa ni chango; wanaume huambiwa ngiri. Mganga angalau humsikiliza kwa saa nzima, na siwezi kumlaumu mgonjwa kwa kuchagua anayemsikiliza.

Wanaume nao wana yao, tezi dume kwa wazee na njia ya mkojo iliyozibwa na makovu ya kisonono kwa wengine, lakini mwanaume aliyezibwa mkojo husafirishwa usiku huohuo. Kuvuja hakumsafirishi mtu usiku.

Utafiti ninaoutaka si wa mashine kubwa. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafikisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao hupita nyumba kwa nyumba na kuuliza habari za homa, vyandarua na kliniki ya watoto. Waongezewe maswali manne. Je, mkojo hukutoka bila wewe kutaka? Ni ukikohoa na kubeba, ni ukikosa kuwahi choo, au ni muda wote? Je, unaumwa chini ya kitovu kwa zaidi ya miezi mitatu? Je, ulishawahi kukaa na uchungu usiku na mchana? Muulizaji awe mwanamke, aulize wakati mama yuko peke yake, na asianze na kidonda bali na kazi: shamba, ndoo, safari. Anayejibu kwamba hutoka muda wote apelekewe nauli. Anayevuja akikohoa afundishwe mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, ambayo Arnold Kegel aliyaandika 1948 na ambayo hayahitaji chombo chochote. Anayelima mpunga apimwe kichocho saa tano, na mlango wa kizazi utazamwe siku ileile anayokuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, kwa taa ileile na kitanda kilekile.

Pingamizi naijua: tukiuliza, tutaibua wagonjwa tusioweza kuwatibu. Kwa fistula pingamizi hiyo ilikuwa na nguvu miaka ya tisini, ikapungua kila daktari mmoja alipofundishwa. Kwa kuvuja kwa kawaida haina nguvu hata leo, kwa kuwa nusu ya tiba ni mazoezi, maji ya kunywa na kuelezwa kwamba si laana wala uchafu. Kwa kichocho, dawa ipo nchini na inajulikana bei yake. Kigumu kinachobaki ni maumivu yasiyo na chanzo, na hao hawatapata tiba yoyote, Mpanda wala Muhimbili, mpaka kwanza wahesabiwe kama wagonjwa wa jambo hilo na siyo wa UTI iliyorudi.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapopangiwa kata zao, rejesta huchapishwa. Mistari minne inaingia kwenye ukurasa.